Mtani Aliyeingia Kaburini

Wifi yangu Mwanamkuu kazi yake ni kutukana watu. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nataka kumsifia mwanamke mpole. Ni mke wa kaka yangu Adinani, fundi cherehani hapa Tabora mjini, na tangu aolewe kwetu sijaona siku iliyopita bila mtu kuambiwa ukweli wake. Mimi nauza vitenge, mdomo wangu nao haujambo, lakini mbele yake nakaa kimya nijifunze.

Kazi yenyewe, ukitaka kuiita kwa jina la heshima, ni kuelimisha. Kuna shirika dogo pale mjini linalompa fulana na nauli, naye huzunguka minadani na vijijini, Nzega, Igunga, mpaka huko ndani kwenye mashamba, akisema habari za mimba. Kwamba mjamzito asimeze dawa ovyo, za dukani wala za porini. Aache ugoro, aache pombe, na kliniki aende mapema. Kwamba mwanamke ana haki ya kuamua azae lini na azalie wapi, na binti aliyepata mimba shuleni siku hizi anaruhusiwa kurudi darasani akishajifungua. Mambo hayo ukiyasema kwa sauti ya semina, wanaume huondoka mmoja mmoja na wanawake hutazama vidole vya miguu yao. Mwanamkuu hakuwa na sauti ya semina. Yeye aliyasema kwa utani.

Baba yake alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli. Asiyejua Mzaramo na Mnyamwezi wana nini, basi ni mgeni kwenye njia hii. Enzi za misafara, babu za Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wakapita Uzaramo, wakala huko, wakaugua huko, na waliokufa wakazikwa na wenyeji wa huko. Utani ulitokana na hayo. Mtani anaweza kukuambia lolote, popote, na ukikasirika aibu ni yako. Msibani ndiko kwenye kazi yake hasa. Mtani huchimba kaburi, huwachekesha waliolia mpaka sauti zikakauka, na akipenda huyazuia maziko, akadai akombolewe kwa kuku au chochote kidogo. Watu hucheka, fidia hutolewa, maiti inazikwa.

Wifi alipata mlango wake hapo. Nilimwona kwa macho yangu mnadani Ziba, nilikokuwa nimepeleka vitenge. Mzee mmoja alikuwa amekaa na mke wake kijana mwenye mimba kubwa, wanachota ugoro kwenye kopo moja. Mwanamkuu akasimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Wewe mbeba pembe," akamwambia yule mzee, "mtoto hata hajazaliwa umeshamwajiri kwenye shamba la tumbaku?"

Mnada mzima ulicheka. Mzee naye alicheka mpaka akakohoa. Wifi akachuchumaa hapo hapo, akamweleza yule mke kijana ugoro unavyomfikia mtoto tumboni, na mke akasikiliza bila kuona haya, kwa sababu watu walikuwa bado wanacheka na hakuna aliyemtazama yeye. Nilimwonea wivu siku ile. Nikasema Mungu akitaka kukupa kazi, hukupa na mdomo wake.

Lusu, huko wilaya ya Nzega, walimzoea kuliko kwingine kokote. Huko ndiko alikokuwa Nyamizi, mke wa Amon, mkwe wa Mzee Lugembe. Mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye mwanya. Siku moja kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, mimba yake ikiwa kubwa, aliuliza swali mbele ya wenzake: "Mayu, wewe unasema tukajifungulie hospitali. Mama mkwe asiporuhusu, mtu anakwendaje?"

Mayu ni mama kwa lugha yao. Mwanamkuu hakuchelewa kujibu. "Mwambie mama mkwe wako kwamba mimi mtani wake nilimnunua zamani kwa kikapu cha mihogo, na mtumwa hana ruhusa ya kumruhusu mtu."

Walicheka wote, na Nyamizi akacheka kuliko wote, akaonyesha mwanya wake. Kikao kikaendelea.

Mvua za kwanza zilipoanza, Recheli, muuguzi wa zahanati ya kule, alimpigia simu wifi asubuhi. Sikusikia alichosema Recheli. Nilichoona ni wifi kukaa chini kwenye sakafu ya duka langu, juu ya vitenge vya watu, na kusema, "Nyamizi amekufa. Na mtoto."

Nilifunga duka tukaondoka pamoja. Mpaka Nzega tulikwenda kwa basi, na kutoka hapo kwenda Lusu, tukiwa juu ya pikipiki ya kukodi, nilisikia tu kwikwi zake mgongoni kwangu.

Tulifika watu wakiwa wameshajaa. Wanaume walikuwa upande wa kaburi, mwisho wa kiwanja cha nyumba, wanawake jikoni na kwenye majamvi. Recheli alitungoja barabarani kabla hatujaingia. Alisema ameshafika pale nyumbani tangu alfajiri na amefukuzwa mlangoni. "Kuna mwingine humo ndani," alimwambia wifi. "Paskazia, binti wa nyumba. Yupo kidato cha tatu. Mimba yake wanaificha, mimi mwenyewe nimeiona kwa bahati kisimani. Alikuwa amevimba uso. Gari la wagonjwa nimeliita, litakuwa pale zahanati, lakini siwezi kumbeba mtoto wa watu kwa nguvu."

Wifi alifuta uso kwa ncha ya khanga. Hapo niliona kilio kimekatika, kimewekwa pembeni kingoje zamu yake.

Jikoni wanawake walikuwa wanasimulia, kama inavyokuwa msibani. Uchungu wa Nyamizi ulichelewa, wakampa dawa. Dawa ya uchungu, ile ya kienyeji ya kuuchochea, inayochemshwa na kunywewa kwa kikombe. Uchungu ukawa mkali. Mtoto hakutoka. Wakampa tena. Halafu, kwa kuwa kwao uzazi ukikwama husemwa mwanamke ana siri ya mwanamume mwingine, wakamwambia ataje. Alitaja nini, hakuna aliyejua. Alilia tu. Kisha uchungu ukakatika ghafla, wakadhani Mungu amesaidia, wakampangusa jasho. Walipokuja kuona damu, walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na zahanati alifika akiwa ameshakata roho.

"Angetaja mapema," alisema bibi mmoja akimenya viazi.

Nilitaka kumrushia sufuria. Wifi alinikanyaga mguu. Alikuwa anatazama pembeni ya jiko, ambako msichana alikaa kwenye kigoda amejifunga khanga mbili, moja juu ya nyingine, na kichwa amekiegemeza ukutani.

Tulimsogelea kama watu wanaotafuta maji ya kunywa. Mimi nikasimama kuwakinga na macho ya watu, wifi akachuchumaa.

"Paskazia," alimwita kwa upole nisiouzoea. "Kichwa?"

"Kinauma, mayu. Tangu juzi. Mama kanipa dawa lakini hakitulii."

"Na macho?"

"Naona vimulimuli."

Wifi alibonyeza mfupa wa mguu wake kwa kidole, akaondoa kidole. Kishimo kilibaki pale pale, hakikurudi. Hata mimi muuza vitenge nilielewa kwamba mguu wa mtu haupaswi kufanya hivyo. Uso wa msichana ulikuwa umejaa, kope zimekuwa nzito, na alikuwa mtoto tu. Aliyempa mimba alikuwa mchimbaji wa dhahabu, ameshahamia machimbo mengine ambayo hakuna aliyeyajua.

"Ni kifafa cha mimba kinakuja," wifi aliniambia sikioni. "Kikimwangusha hapa, tutazika tena kabla hawajaanua matanga."

Alikwenda kwa njia ya adabu kwanza, nataka hilo lijulikane. Alimwendea Kabula, mama wa Paskazia na mama mkwe wa marehemu, akamkuta amekaa kwenye jamvi, macho mekundu, khanga imemwanguka begani. Akampa pole. Akamwambia taratibu, kwa maneno machache, kwamba binti anaumwa, gari lipo, waende sasa hivi.

Kabula alimtazama mpaka nikaona haya. "Mtani, huyu binti hayupo. Umenielewa? Hayupo. Wakimwona huko wataandika jina, watauliza miaka yake, watauliza baba wa mtoto. Polisi watakuja hapa, na baba yake atalala ndani. Nina maiti uani kwangu. Usiniongezee."

"Hospitali wanaanza na presha, Kabula. Hawaanzi na polisi."

"Nimeshampa dawa ya kichwa. Na siku yake ikifika nitampa ya uchungu, azae hapa hapa, yaishe."

"Ile ile?"

Kabula alivuta khanga akajifunika uso, akaanza kulia upya, na wanawake wakamzunguka wakatusukuma nje ya duara. Simwiti mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu hushika kile alichozoea kushika.

Wifi akamwendea Mzee Lugembe. Huyo ni mkulima wa tumbaku, mrefu, mtu wa heshima zake. Alimsikiliza akiwa amesimama, akatikisa kichwa. Mambo ya wanawake yasemwe na wanawake, alisema, na tena baada ya matanga. Sasa anazika.

Jua lilikuwa limeshapita utosi. Katekista alikuwa ameanza sala, na jeneza limewekwa juu ya magogo pembeni ya kaburi. Nilimwona wifi anafunga khanga yake vizuri kiunoni. Ninamjua. Nikasema moyoni, sasa mdomo unakuja, na ahsante Mungu unakuja.

Sala ilipokwisha alijitokeza mbele.

"Haya, wabeba pembe!" akapaza sauti. "Mnazika bila mtani? Nani kawafundisha adabu, punda zenu?"

Kicheko kikapita kwenye umati. Mabega yaliyokuwa yameinama yakainuka kidogo. Akawasema walivyochimba kaburi la kupinda, akamsema katekista na koti lake, na watu wakacheka zaidi, wale wa nyuma wakasogea. Kisha kwa sauti ile ile, bila kuipandisha wala kuishusha, akasema alichojia.

"Mlimwua ninyi. Mlimnywesha dawa mpaka tumbo la uzazi likapasuka, na uchungu ulipokatika mkafurahi. Alikuwa anakufa, ninyi mnamwuliza jina la hawara. Na yupo mwingine ndani, mmeshamwandalia kikombe chake."

Watu walicheka.

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini walicheka, tena kwa sauti, na mwanamke mmoja alipiga makofi akasema, "Mtani leo ameamka!" Mzee mmoja alijifuta machozi ya kicheko. Hawakuwa wakimdharau Nyamizi. Walikuwa wanafuata desturi. Mtani akisema, unacheka. Akikutukana zaidi, unacheka zaidi, kwa sababu kila neno lake ni la kukuondolea huzuni na hakuna hata moja unalopaswa kulichukua ukaenda nalo nyumbani. Amon peke yake hakucheka. Alisimama na koleo mkononi anatazama jeneza la mke wake.

Nilimtazama wifi usoni na nikaogopa. Sikuwahi kumwona amekosa la kusema. Midomo yake ilikuwa wazi, na nilijua anachokiona, kwa sababu nami nilikuwa nakiona: miaka yote ile ya minada na vibaraza, watu wamecheka hivi hivi, na yeye akahesabu kicheko kuwa ni kusikia. Nyamizi aliuliza anakwendaje, akajibiwa kichekesho, akacheka, akarudi nyumbani bila jibu.

Jikoni mtu aliita. "Kabula! Njoo, binti anatapika."

Hapo wifi yangu, mwanamke wa makamo mwenye magoti yanayomuuma, akashika ukingo wa kaburi, akateremka ndani.

Walicheka tena, ndiyo. Maana hilo nalo ni desturi. Mtani ameziba kaburi, anataka kukombolewa. Vijana wakashangilia, mtu akakimbia akaleta kuku mwekundu, akamshikilia juu ya shimo kwa miguu.

"Simtaki," ilisikika sauti kutoka chini.

Wakaongeza mbuzi mdogo. Wakaongeza debe la mahindi. Mzee Lugembe naye akaingia kwenye mchezo, uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza siku ile. "Kaa humo, Mzaramo," alisema. "Tutakufukia naye, mwende mkale mihogo huko."

"Nifukieni," wifi akajibu. "Lakini nikitoka, natoka na Paskazia."

Kicheko kilikatika vipande vipande, wa mbele kwanza, kisha wa nyuma walipoulizana amesema nini. Kuku aliendelea kulia mpaka kijana aliyemshika akaona aibu akamshusha.

"Mtani hadai mtu," alisema Mzee Lugembe. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Leo anadai."

"Toka humo, mwanamke. Tuna maiti juani."

"Naiona. Nipo kwenye nafasi yake. Na nafasi hii ya pili mnayotaka kuichimba, mtaichimba lini? Kesho? Jumapili? Nipeni binti nimpeleke Nzega sasa hivi, na mimi nitoke. Mkikataa, mzike na mimi humu, kwa sababu sitoki."

Watu wakaanza kunung'unika. Wanaume wawili walisogea ukingoni na wakasimama, kwa kuwa mtani aliye kaburini hatolewi kwa nguvu. Ukimgusa umeleta mkosi nyumbani kwa mwenye msiba. Walitazamana. Mmoja akasema heri katekista amwambie. Katekista akasema yeye na mambo ya kimila hana neno. Jua liliwaka. Mimi nilisimama pale nikimwaza yule msichana anayetapika jikoni, na nikifikiri kwamba ikiwa wifi yangu atapigwa na majembe leo mbele yangu, nitarudi kumwambia nini Adinani.

Mzee Lugembe alikuwa anapumua kwa nguvu. "Unaniumbua mbele ya watu. Siku ya msiba wangu."

"Ndiyo," alisema wifi. "Nakuumbua. Nisamehe baadaye."

Hapo Amon akatupa koleo chini. Lilipiga jiwe, watu wakashtuka. Alimwendea baba yake, akasimama karibu naye kabisa, na alisema polepole lakini tuliokuwa karibu tulisikia. "Baba, nilimwuliza jina. Alikuwa ananishika mkono, mimi namwuliza jina. Hakuwa na jina." Akaonyesha kaburi kwa kidole. "Mpe Paskazia. Usipompa, nami naingia humo."

Kabula alikuwa ametoka jikoni. Sijui alisikia kiasi gani. Alikuwa amemshika Paskazia kwapani, na msichana anatembea kama mtu asiyeona ardhi. Alimleta mpaka ukingoni, mbele ya kijiji kizima, ile khanga ya juu imefunguka na tumbo liko wazi kwa kila mwenye macho. Mficha uchi hazai, wanasema wazee, na siku zote nilidhani ni maneno ya kuchekea. Kabula hakumtazama mume wake. "Mchukue," alimwambia wifi. "Mchukue upesi."

Mzee Lugembe aliangalia upande mwingine, kwenye mashamba. Kisha akainama akampa wifi mkono wake mwenyewe kumvuta nje, na alipomtoa, hakuuachia mkono huo mara moja.

"Nimekupa," alisema. "Lakini utani umekwisha. Nyumba hii na wewe, kuanzia leo, si watani. Ukija tena utabisha hodi kama wageni wengine."

Wifi alikuwa amejaa udongo mwekundu mpaka kwenye nywele. Aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba."

Hakuna aliyecheka. Nadhani lile lilimwuma kuliko ambavyo pigo la jembe lingemwuma.

Tulimweka Paskazia juu ya pikipiki katikati yetu mpaka zahanati, Recheli akampima presha, akatazama kipimo, akampima tena, kisha akamsukumia kwenye gari la wagonjwa bila hata kutuambia namba. Njiani Recheli alimdunga sindano. Tulipokuwa tunaingia lango la hospitali Nzega, kifafa kilimkamata. Sitaki kueleza nilivyoona. Wifi alimshika kichwa kisigonge chuma, akimwita jina lake tu, na kilipomwachia mwili wa msichana ukalegea, nikaanza kusoma Yasini kwa sauti, kwa kuwa nilidhani ameshakwenda. Walimpokea kwa machela, wakakimbia naye. Hakuna aliyeuliza miaka yake wala baba wa mtoto. Waliuliza kundi lake la damu.

Walimpasua. Mtoto wa kike, mdogo kama paka, akawekwa kwenye joto. Mama yake alifumbua macho siku iliyofuata akauliza kama amechelewa mtihani. Nililia nikacheka, na wifi naye akaanza kile kilio alichokiweka pembeni, akalilia kila kitu kwa mara moja, huku akisema "Nyamizi, Nyamizi," mpaka nesi akatuomba tutoke nje.

Ungedhani baada ya hapo watu walimpongeza. Habari zilimtangulia kila alikokwenda, lakini si zile nilizozitarajia. Mnadani Ziba alianza na "Haya, wabeba pembe," na watu wakanyamaza. Walimtazama kwa adabu. Mtani aliyedai mtu, walinong'ona, akaingia kaburini kwa kweli badala ya mchezo. Hawakujua wamchekee au wamwogope. Wazee wakaanza kumwamkia kwa upole kama anavyoamkiwa mke wa hakimu. Shirika likamwambia abadilishe mbinu, likampa mabango ya picha. Nilimwona akisimama mbele ya watu na fimbo ya kuonyeshea, anasoma sentensi za semina, na roho iliniuma kama nimeona mpishi mzuri anapewa chakula cha kopo.

"Rudi kwenye utani," nilimwambia. "Watasahau."

"Walipokuwa wanacheka, wifi, hawakuwa wananisikia," alinijibu. "Na sasa wananyamaza, sijui kama wananisikia. Nimebaki na nini?"

Aliacha kwenda Lusu. Masika yalipita, tumbaku ikavunwa, naye akawa anakaa kibarazani na Adinani akimsaidia kushona vifungo, mwanamke aliyekuwa hakai nyumbani.

Alasiri moja tulisikia hodi. Alikuwa Kabula, vumbi limemshika mpaka kwenye kope, na nyuma yake binti mjamzito mwenye furushi kichwani, ambaye hatukumjua. Wifi alisimama kwa haraka mpaka vifungo vikamwagika. Kwa mazoea alifungua mdomo apige utani, nikamwona anaumeza.

"Sikuja kwa utani," alisema Kabula, ambaye naye aliona hilo. "Huyu ni mke wa mdogo wake Amon. Siku zake zimekaribia. Nataka akae hapa mjini karibu na hospitali, mpaka azae. Mzee hajui. Nimemwambia tumekuja kutafuta vitenge."

"Na Paskazia?" wifi akauliza. Sauti yake haikutoka vizuri.

"Yuko darasani. Mtoto nalea mimi." Kabula alishusha pumzi, akamsogeza yule binti mbele kwa kiganja. "Chukua huyu. Nimekuletea kabla hujaja kutuingilia tena kaburini."

Wifi yangu alimshika Kabula mikono yote miwili. Wakaanza kulia pale pale kizingitini, wamekamatana, na yule binti akabaki amesimama na furushi lake kichwani, hajui aanze kumwamkia nani.